Kijibwa cha Nyumba ya Matanga

Kaeni vizuri, nami nitasimulia polepole.

Mungu alimpa Mbonea masikio. Aliweza kusikia mbuzi akicheua ng'ambo ya bonde. Mzirai alipewa miguu isiyoteleza. Yeye ndiye aliyezibua na kuziba ndiva, lile bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba, na alitembea ndani ya tope lake kama mtu aliye sebuleni kwake. Nakijwa alipewa mikono ya joto. Watoto wengi wa mlimani waliozaliwa baridi walilia mara ya kwanza mikononi mwake.

Namsifu hakujua tena yeye alipewa nini. Alimuuguza mumewe, Eliamini, msimu mzima wa mvua, kisha akamzika. Mbonea alikuwa mdogo wa marehemu, Nakijwa dada yake, Mzirai jirani.

Tanga likiwa bado halijaanuliwa, Elineema, bintiye Namsifu, akapanda kutoka Moshi na kikapu. Ndani mlikuwa na kijibwa cheupe cha aina ndogo.

"Hata akikua, mama, hamzidi paka. Atakuchangamsha."

"Huyu atatulinda, au sisi ndio tutamlinda?" akauliza Mbonea.

Namsifu hakucheka. "Mwanangu, nimetoka kuuguza. Huyu anataka uji kidogo kidogo kutwa nzima, anataka joto, anataka macho juu yake. Sijui kama ninayo nguvu ya kupenda kitu tena, halafu nikizike."

"Basi akae mpaka tuanue tanga," akasema Nakijwa. "Siku hiyo, wifi, utatuambia kama unabaki naye au unampa mtu."

Mbonea, Mzirai na Nakijwa, wote watatu walikuwa wameshakipenda, ila hakuna aliyesema.

Huko milimani mlango wa nyumba ya matanga haufungwi mchana. Mfiwa akiufunga, ni kama anawafukuza wanaokuja kumpa pole. Basi asubuhi moja ya ukungu Namsifu alifumba macho akisali, mlango wazi. Alisali sana, na uchovu ukamchukua. Alipofumbua, kijibwa hakikuwepo.

Mbonea alisimama uani, akavua kofia, akawaomba wanawake waache kutwanga. Akasikiliza. "Kinalia," akasema. "Kipo ndivani."

Mzirai aliingia ndivani pale ambapo hata ng'ombe huzama. Tope likamfika kiunoni. Alirudi amekibeba kijibwa kama kitambaa kilicholowa.

Nakijwa alikitia kifuani, ndani ya khanga, akakisugua mgongo. Kijibwa hakikutikisika. "Joto linakimbia," akasema. "Huo upepo wa mlangoni."

Namsifu akainuka, akafunga mlango.

Wanakwaya wenzake walifika na mizigo ya kuni, wakaukuta umefungwa. Wakatua kuni nje, wakarudi makwao. Wengine mpaka leo wanamsalimu nusu nusu. Lakini ndani, kijibwa kikapiga chafya.

Siku ya kuanua tanga ikafika. Watu walikula, wakaomba, wakaondoka. Wale watatu wakabaki.

"Bila masikio yangu kingekuwa tope," akasema Mbonea.

"Ungesikia, ukabaki umesimama na kofia yako mkononi," akasema Mzirai. "Nani alizama?"

"Ninyi mliniletea maiti," akasema Nakijwa. "Aliye hai nimewapa mimi."

Mbonea akamgeukia mjane. "Na wewe, shemeji, tusifichane. Kilipotea ukiwa nacho."

"Kweli," akasema Namsifu. "Kilipotea nikiwa nacho."

"Na mlango aliufunga nani?" akauliza Mzirai.

Namsifu aliwatazama. Kila mmoja wao ana nyumba yenye watu, na kijibwa hakingekosa wa kukiangalia. Kwake atabaki yeye na moto wa jikoni. Alikuwa amemwomba Mungu amwambie kama yuko tayari. Mungu alikuwa bado kimya, na yeye alikuwa amechoka kuuliza.

Hadithi inaishia uani pale, kijibwa kikiwa mikononi mwa Namsifu na watatu wakimngoja aseme. Ni cha aliyekisikia, aliyekitoa, au aliyekipa joto? Au ni cha huyu aliyekipoteza kwa kusali, kisha akaukosea msiba wa mumewe ili kipone? Na kama ni chake, yuko tayari, au tumuache apumzike kwanza?

Nimewaachia ninyi. Wewe uliye karibu na mlango, ungeamua vipi?