Fisi Aomba Leseni ya Kuuza Mnazi Mpaka Alfajiri

Paukwa.

Pakawa.

Mnaitikia kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia matumbo. Sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza na mabaraza yakawa na mihuri, palikuwa na mji ukiitwa Kichakani. Humo alikaa binti mmoja wa kinguchiro, jina lake Chiku. Chiku alikuwa amesoma. Alisoma mpaka macho yakaingia ndani, akavishwa kofia nyeusi yenye kishada, kisha akarudi nyumbani kukaa. Kila alikobisha hodi kutafuta kazi aliulizwa ana experience ya miaka mingapi, naye akabaki kujiuliza: hiyo experience mtu aiokote wapi, ikiwa kila mlango unaidai kabla hujavua viatu? Basi akakaa barazani kwa baba yake na digrii yake, ulimi wake, na maswali yake.

Baba yake ndiye Mzee Shomvi. Hakuwa na mtoto mwingine, na Chiku hakuwa na mzazi mwingine. Mzee alikuwa mpole na mcheshi, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: mnazi, ile pombe tamu inayogemwa kileleni. Akiuona hauachi. Akishaunywa, hulala popote usingizi ulipomkuta, iwe njiani, iwe shambani, iwe mlangoni kwa mtu.

Siku moja akahamia Bwana Fisi. Kanzu nyeupe, kofia ya kiua, maneno ya asali. Akatangaza kwamba ameomba leseni ya kufungua kilabu cha mnazi kitakachokesha mpaka jogoo awike. Baraza likaweka siku ya kusikiliza pingamizi za wakazi, na kabla ya siku hiyo Fisi akawaalika majirani wote waje kuonja.

Kichakani kuna mila. Mwenyeji hunywa kwanza. Huchota kwa kata, hunywa mbele ya macho ya watu, ndipo mgeni naye hunywa, ijulikane kwamba kinywaji hakina neno. Fisi akachota, akainua, akafuta midomo, akasema, "Mtamu." Wageni wakanywa. Akachota, akainua, akafuta midomo, akasema, "Mtamu." Wageni wakanywa. Akachota, akainua, akafuta midomo, akasema, "Mtamu." Kufikia hapo Mzee Shomvi alikuwa amekwisha kumwita Fisi ndugu yake wa damu.

Chiku hakunywa. Alikaa karibu na mtungi, na akaona kitu: kila mara kata ya mwenyeji ilirudi mtungini ikiwa imejaa vilevile.

Likamwasha hilo. Mwuza pombe asiyekunywa si ajabu, wako wengi na wana nyumba za ghorofa. Ajabu ni anayejifanya amekunywa. Anaficha nini?

Asubuhi akafunga safari hadi Bondeni, mji aliotoka Fisi. Akakuta nyumba zimesimama, milango i wazi, majani yamefika madirishani. Hakuna moshi, hakuna mtoto anayelia. Juu ya paa la kilichokuwa kilabu cha Fisi alikuwapo Kunguru peke yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wako wapi kina Swala?"

"Walikunywa, wakasindikizwa."

"Na kina Mbuzi?"

"Walikunywa, wakasindikizwa."

"Na kina Sungura, wenye akili zao?"

"Nao walikunywa, wakasindikizwa."

"Wakasindikizwa wapi?"

Kunguru akageuza shingo, akamtazama kwa jicho moja. "Hilo sikuliona. Nilichoona ni kwamba msindikizaji alirudi peke yake, na alirudi ameshiba."

Chiku akarudi mbio. Akamkuta Fisi ameketi barazani kwao, mguu juu ya mguu. Fisi akamsifu, akasema ni aibu kofia nyeusi kama ile kuota ukungu, na kwamba kilabu kitahitaji meneja. Nisiwadanganye, wenzangu: moyo wa Chiku uliruka. Usimcheke mpaka nawe ukae barazani miaka ile yote, majirani wakikuuliza, "Bado tu?"

"Experience je?" akauliza.

"Siitaki. Nataka tu kesho usiwe na pingamizi," akajibu Fisi, akaondoka akichekacheka.

Chiku akamsimulia baba yake habari za Bondeni. Mzee Shomvi akacheka hadi akakohoa. Kunguru, mwizi wa sabuni za watu, ndiye shahidi wako? Akasema yeye atakwenda kilabuni siku ya kwanza, atakunywa, na atarudi na miguu yake. Chiku akamtazama mzee yule mfupi, mnene, mwenye usingizi wa karibu, na ile kazi ya umeneja ikamtoka moyoni kama moshi.

Siku ya baraza ikafika. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, amekaa majini mpaka shingoni kwa sababu ya joto la madaraka. Akasema anayepinga aseme la kwake na la Kichakani; ya miji mingine hayamhusu.

Mama Kanga akasimama akalalamikia ngoma, maana vifaranga wake hawatalala. Fisi akainama, akasema ngoma ataivika blanketi. Bwana Punda akasema walevi watakojolea ua wake. Fisi akainama, akasema atachimba choo. Bi Kondoo akasema wanawe wataharibika. Fisi akainama, akasema mtoto hataingia. Kila pingamizi ikapata dawa, na kila mpingaji akakaa chini akijiona ameshinda. Wakazi bwana. Mtu analeta moto, nyinyi mnajadili rangi ya majivu.

Kiboko akauliza kama yupo mwingine. Chiku akasimama.

"Bwana Mwenyekiti, nina swali. Hao walevi, saa hizo za kukesha, watarudije makwao?"

Fisi akainama kuliko mara zote. "Nitawasindikiza mwenyewe, binti yangu. Mmoja mmoja, hadi mlangoni."

Baraza zima likaguna kwa kuridhika. "Muungwana huyo," akasema Mzee Shomvi kwa sauti, watu wasikie. Kwani kumsindikiza mgeni ni adabu, na nani atapinga adabu?

Chiku akaanza kueleza ya Bondeni. Kiboko akampulizia maji: ya Bondeni yapelekwe Bondeni. Fisi akatabasamu, na meno yakaonekana mengi kuliko yanayohitajika kwa tabasamu.

Chiku akamgeukia Kiboko. Kisha akasema, "Basi naondoa pingamizi. Naomba sharti moja tu, tena la mila yetu. Mwenyeji anywe kata kwa kata na wageni wake. Na anywe kweli."

Fisi akasema tumbo lake dhaifu. Mama Kanga akageuza shingo. Fisi akasema mganga amemkataza. Bwana Punda akasimamisha masikio. Fisi akasema atakuwa na kazi nyingi. Bi Kondoo, ambaye hajawahi kuuliza swali maishani mwake, akauliza: "Kwani kina nini, hicho unachotaka kutuuzia?"

Watu wakaanza kunong'ona, na Fisi akaona leseni inaelea na maji. Akakubali upesi, akijua midomo yake inavyofutika. Lakini Chiku alikuwa bado amesimama, na Kiboko naye, kwa mara ya kwanza tangu avae madaraka, akatoka majini mpaka kifuani ili aone vizuri.

"Nani atahakikisha kata imekwisha?" akauliza.

"Mimi," akasema Chiku.

Muhuri ukapigwa: Chiku binti Shomvi, Mshika Kata wa Baraza. Hivyo ndivyo msomi wetu alivyopata kazi ya kwanza. Hakuna aliyemwuliza experience.

Kilabu kikafunguliwa. Wageni wakanywa kata moja, Chiku akamjazia Fisi, akaichungulia ilipokwisha. Wakanywa ya pili, akamjazia, akaichungulia. Wakanywa ya tatu, akamjazia, akaichungulia. Sasa, Mzee Shomvi ana miaka arobaini katika fani hiyo. Fisi hakuwa na experience hata ya siku moja. Nyota hazijatoka vizuri, miguu yake ya nyuma ikakataa kazi, akaketi, akaanza kucheka peke yake.

Wageni wakatazamana. Watu wa adabu hawamwachi mwenyeji wao chini. Basi wakambeba, Punda mbele, Shomvi nyuma akisukuma, wakiimba, wakamsindikiza Fisi hadi mlangoni kwake. Kisha wakarudi makwao wote, na Chiku akawahesabu wakipita.

Ikawa hivyo kila kilabu kilipofunguliwa. Fisi akanywa, akabebwa, akaamka na njaa, mpaka akairudisha leseni mwenyewe akahamia porini. Lakini miguu ya nyuma haikupona. Ndiyo maana hadi leo hutembea kama mtu anayerudi kilabuni, na hucheka gizani bila aliyemchekesha.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwake. Moto umefifia, kila mtu aende kwao na mwenzake. Mimi sisindikizi mtu.