Kidari cha Nakunda

Sogeeni. Na mwenye kinyongo asikiache nje, aingie nacho, maana hadithi ya leo ni ya mwanamke aliyekilea chake kama mtoto.

Aliitwa Nakunda. Watu watatu walimzunguka, kila mmoja na kipaji chake. Wifi yake Elieshi, fundi cherehani, alikuwa na mikono: akikugusa bega mara moja tu, gauni litakukaa. Daktari Kisanga wa hospitali ya wilaya alikuwa na macho; kwenye picha ya ultrasaundi, pale wengine wanapoona ukungu, yeye aliona njia na vichochoro. Dada yake Aikande alikuwa na ulimi, na Mungu apishe mbali akukute umekosea.

Wawili kati yao Nakunda aliwachukia. Zamani alipompelekea Kisanga uvimbe wa titi, Kisanga alikuwa na haraka zake, akamwambia ni maziwa yaliyoganda, nenda kakande na maji ya moto. Kumbe ilikuwa saratani; alikanda mpaka titi likaondolewa. Alipotoka hospitali na kifua bapa upande mmoja, Elieshi alisema mbele ya ukoo mzima, "Kaka yangu alioa mwanamke, hakuoa nusu." Kaka mtu akasikia, akaenda kuoa mwingine. Kasirikeni kidogo, mimi mwenyewe nimekasirika.

Baadaye madaktari wa mjini walimtengenezea titi jipya kwa nyama ya tumbo lake mwenyewe. Kidonda kilipopona, mnadhani alikwenda wapi kwanza? Kanisani? Thubutu! Alikwenda kwa Elieshi.

"Nishonee gauni, wifi. La kubana kifuani."

Elieshi akachukua futi yake.

"Pima vizuri," Nakunda akamwambia, kajitutumua. "Hakuna nusu hapo."

Utamu alioupata! Lakini mikono ya Elieshi ilisimama chini ya kovu. Ikaondoka, ikarudi palepale. Angeweza kunyamaza, na nani angejua?

"Wifi," alisema, "hapa pana kitu kigumu kama punje ya haragwe. Nenda hospitali. Nenda leo."

Hospitali, daktari wa zamu alibonyeza kidogo, akasema ni mafuta yaliyokufa, matiti ya kutengenezwa huwa hivyo, arudi baada ya miezi kadhaa. Kisanga alikuwa anapita, akaingia.

"Hapana. Mama huyu niliwahi kumwambia maneno kama hayo."

Akavuta mashine mwenyewe, akatazama kwa muda mrefu. "Huenda ni mafuta kweli. Huenda ugonjwa umerudi. Picha peke yake haiwezi kusema, na kungoja sikutaki. Tuchome sindano tuchukue kinyama kikapimwe. Ila mshipa huu hapa ndio unaolisha titi lote. Tukiugusa, titi litakufa. Nimeona pa kupita."

Nakunda alimtazama, akaiona nafasi yake. Akafunga blauzi.

"Wewe hunichomi. Nitangoja. Kama ni ugonjwa, nife, unibebe shingoni mara ya pili."

Alitoka pale akijiona ameshinda. Akafika nyumbani akamsimulia dada yake kwa raha zote.

Aikande hakumbembeleza. Aliendelea kumenya ndizi.

"Haya, kufa. Ila ujue gauni la kuzikwa nalo atakushonea Elieshi. Atakupima tena, na safari hiyo hutamjibu. Kisanga naye atasaini cheti cha kifo, kisha ataenda kula chakula cha mchana. Sasa hapo umemkomoa nani, mdogo wangu?"

Nakunda alilia, na kilichomliza kilikuwa hasira. Kesho yake alirudi hospitali, akalala kitandani, akakaza meno, Kisanga akapitisha sindano kando ya mshipa. Majibu yakaja: ugonjwa umerudi, lakini bado mchanga. Ukaondolewa, titi likabaki, na Nakunda mwenyewe akabaki.

Sasa, ukoo wa kina Nakunda una desturi yake. Mtu akipona huchinja mbuzi, na kidari, ile nyama ya kifuani, hakigawanywi: hupewa mtu mmoja, yule aliyemwokoa. Mtoaji husimama akaeleza yote aliyotendewa na huyo anayempa, mazuri na mabaya, na hakuna wa kumkatiza. Akishamaliza, mabaya yale hayatajwi tena mpaka kaburini.

Nakunda aliwaalika wote, hata ukoo wa mumewe. Akimpa Aikande, wale wawili wataondoka mikono mitupu watu wakiona, na kinyongo chake atarudi nacho nyumbani. Akimpa Elieshi, atamrudishia neno lake la nusu mbele ya walewale waliolisikia, lakini atalazimika kuliacha hapohapo. Akimpa Kisanga, wilaya nzima itajua habari ya maji ya moto, halafu Kisanga atalala usingizi mzuri. Na msisahau: bila mikono ile asingejua, bila macho yale asingepimwa salama, na bila ulimi ule angekuwa bado anangoja.

Amesimama, kidari kimo kwenye jani la mgomba. Elieshi ameinamisha kichwa. Kisanga anafuta miwani isiyo na vumbi. Aikande anafukuza nzi. Nakunda ana hamu ya kusema, na anaogopa, kwa sababu tangu mume aondoke hasira hii ndiyo inayomtoa kitandani asubuhi. Akishaisema, ataamka na nini?

Nyama inapoa, jamani. Je, wewe ungempa nani?