Tundu la Fundi Eusebio

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Zamani hizo mimi ni baharia, mabega yangu hayapiti mlangoni, nikafika bandari moja ya wavuvi huko Meksiko.

"Uongo, mjomba!"

Chande, aliyekwenda ni mimi au wewe? Basi tulia.

Pale palikuwa na fundi wa mashua, Eusebio, mkono mwepesi lakini mvivu. Na chelezoni kwao, pale mashua zinapoundwa, kulikuwa na desturi: fundi akishatengeneza mashua, safari ya kwanza naye hupanda. Ikizama, azame nayo.

Siku hiyo alikuwa anamalizia mashua ya nahodha Refugio, mwanamama mwenye sauti ya kupasua nazi. Likabaki tundu moja, sawa na ngumi yangu. Pamba ya kuzibia imekwisha, duka liko mbali, jua linachoma. Mkononi ana donge la unga wa mahindi uliokandwa, chakula chake. Akalisindilia tunduni, akapaka rangi ya buluu juu yake. "Safari moja litashika," akajiambia.

Asubuhi tukaingia majini, watu sita, nami mmoja wa wavuta makasia. Eusebio akakalia tundu lake.

Mara akasikia chini yake: nyo, nyo, nyo. Dagaa!

"Fundi, fundi, umepika vizuri! Tunaanza."

"Eusebio, simama uvute wavu!" nahodha akaita.

"Mguu umekufa ganzi, mama."

Tukazidi kwenda. Nyo, nyo, nyo. Changu!

"Fundi, fundi, umepika vizuri! Tumefika nusu."

"Eusebio, mbona suruali imelowa?"

"Jasho, mama."

Tukamcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mjinga mimi.

Tukafika penye maji meusi, nchi kavu haionekani. NYO! Huyo sasa chewa, mdomo kama ndoo.

"Fundi, fundi, unga umekwisha. Sasa tunakula nini?"

"Akamng'ata, mjomba?"

Tunu, ngoja! Eusebio akatutazama mmoja mmoja. Akinyamaza, tunakufa. Akisema, ufundi wake umekufa. Akapaza sauti:

"Mama Refugio! Nimeziba kwa chakula changu!"

Akainuka kidogo tu. Maji yakaruka kama bomba limepasuka.

"KAA!" nahodha akanguruma. "Usinyanyuke mpaka gatini! Nyinyi wengine, makasia!"

Tukavuta. Mimi peke yangu nilivuta kama watu wanne. Maji vifundoni, maji magotini. Na kila kasia likigusa maji, Eusebio: "Uwii!" Kasia tena: "Uwii!" Chewa yule hakuwa na haraka.

Tulifika, sote sita. Ila Eusebio, miezi miwili alikula amesimama.

Tangu hapo, bandari ile, mtu akienda kuchukua mashua yake chelezoni hatazami rangi. Humkazia fundi macho: "Chakula chako cha mchana, ulikula chote?"

Kazi ya kulipua, wanangu, rangi itaificha kwa walio juu. Walio chini wanaionja.

Hadithi yangu nimeifunga kamba hapa hapa. Chande, geuza hicho kiazi hapo motoni, kinaungua.