Moshi Ukitambaa, Anua

"Moshi ukitambaa, anua." Mnacheka? Haya, chekeni, lakini mmeniuliza methali hii ilikotoka, basi tulieni, watoto, niwaambie.

Ilianzia hapahapa Pemba, msimu wa karafuu, kwa Bwana Shaame na mkewe Mize. Binti yao Time alikuwa ameposwa, na pesa zote za harusi yake zilikuwa juu ya yale majamvi ya karafuu zilizoanikwa uani. Zikirowa zinaharibika, na harusi ndiyo basi.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, mbinguni hakuna hata kiwingu. Mize alikuwa jikoni. Moshi badala ya kupanda ukatambaa chini, akatoka anafuta machozi.

"Baba Time, tuanue. Mvua inakuja."

"Mvua ya wapi? Kuni zako mbichi hizo!"

"Kuni ni zilezile za jana, na jana moshi ulipanda. Kilichobadilika ni hewa."

"Karafuu zangu zinataka jua la leo tu zikauke!" Mbishi yule, jamani! Akaenda kujilaza katikati ya jamvi moja, asilikunje mtu.

Mize akamwita Time. Yeye na Time wakaanua mengine yote, wakamwachia mzee lake. Lilipoingia la mwisho, mara upepo, mara mvua hiyo! Shaame akaja ndani anachuruzika, karafuu zimemganda mpaka ndevuni. Time alicheka hadi akakaa chini. Harusi yake ilikuwa imepona.

Mwalimu wenu atawaambia kwamba mgandamizo wa hewa ukishuka, hewa hupanda ikafanya mawingu, na mara nyingi siku kama hiyo moshi hulemewa na unyevu, ukakaa chini. Ni kweli kabisa.

Basi, siku ya harusi wageni wamekaa mikekani uani wanangoja pilau, moshi wa mekoni ukaanza kuwatambalia miguuni. Nani aliruka wa kwanza? Shaame! Akauvuta mkeka, bwana harusi angali ameukalia.

"Baba mkwe, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu. Inuka! Moshi ukitambaa, anua!"

Watu wakacheka, lakini wakainuka. Hawajakaa sawa ndani, mvua ikamwagika, na pilau ikaliwa kavu.

Haya, sasa tazameni moshi wa jiko langu ulipofika. Si huo mlangoni, unawalamba vidole vya miguu? Na nguo zenu za Idi bado ziko kambani. Mnanitumbulia macho ya nini? Moshi ukitambaa, anua!