Majani Manne ya Kindi

Hadithi, hadithi!
Njoo.
Inakuja na siafu.
Wapite mbali na miguu yetu.

Hapo kale palikuwa na Nyegere, mwenye nguvu, makucha na tamaa. Aliipenda asali kuliko ndugu zake. Siku moja akawaona siafu wakipita, maelfu kwa maelfu, akawaza: "Hawa wangenikusanyia asali ya msitu mzima, nami nimelala."

Taabu ni moja. Siafu hawasikii kelele. Ukishawatuma wanakwenda zao, wanafanya kazi peke yao, na huko walikofika huwaoni. Basi Nyegere akaenda kwa Kindi, mama wa watoto watatu.

"Nitungie lugha ya kuwatuma siafu. Usipotunga, nabomoa tundu lako, nawala wanao."

Kindi aliogopa sana. Akakaa na siafu siku tatu akiwachunguza, akatunga lugha ya majani manne. Unayapanga njiani, siafu wananusa, wanatenda.

"Jani la mpera: chukua. Paka juu yake harufu ya unachotaka. Jani la mkunazi: peleka hapa. Jani la mkwaju: ukikuta jambo usilolielewa, rudi uulize. Jani la mchungwa: sasa koma."

"Wamuulize nani?"

"Wewe, bwana mkubwa."

"Nitakuwa nimelala. Ondoa."

"Niondoe?"

"Ondoa."

Kindi akaondoa jani la mkwaju, akalitia shavuni.

"Na hili la kukoma la nini? Asali imewahi kutosha? Ondoa."

"Niondoe kweli?"

"Ondoa."

Kindi akaondoa jani la mchungwa, akalitia shavu la pili.

Nyegere akapaka asali jani la mpera, akaweka la mkunazi mlangoni pa shimo lake, akalala kando. Siafu wakaenda, chakara-chakara. Wakaleta asali. Wakaleta masega. Wakaleta na nyuki. Asali ya msitu ikaisha. Siafu hawakuuliza, hawakukoma. Wakanusa huku, wakanusa kule, wakakuta kitu kikubwa kimelala, kinanukia asali toka pua hadi mkia. Wakachukua. Nyaku! Nyaku! Nyaku!

"Yalaa! Kindi, waambie wakome!"

"Mmh," alisema Kindi.

"Weka jani la mchungwa!"

"Mm-mmh." Mashavu yalikuwa yamejaa.

Nyegere akatimua mbio, chubwi mtoni, akavukia ng'ambo. Hakurudi tena.

Siafu wakageuka. Kumbe watoto wa Kindi wameshashuka, wamo shimoni wanalamba asali, wamejipaka mpaka masikioni. Kindi moyo ulimpasuka. Akaruka, akatema jani la mchungwa mbele ya siafu, ptu! Wakalinusa, wakakoma.

Funzo lake, watoto wazuri: mkubwa akikwambia ondoa, ondoa wala usibishe, maana utii una baraka. Ila ukiondoa, usitupe.

Nami hadithi yangu naiwekea jani la mchungwa.