Tumba Iliyoanikwa Juani

"Kijicho hakiulizi ngoma ni ya nani." Ndivyo mama yenu alivyomwambia Tunu jikoni, nanyi mmekuja mbio kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Wewe, acha kutafuna muwa karibu na sikio langu. Yametoka hapa hapa Kilosa, kwenye karakana ya Fundi Zamoyoni, mtengenezaji wa tumba, zile ngoma ndefu za mbao zinazopigwa kwa viganja kwenye bendi za dansi.

Watu walimletea tumba kuukuu zilizokwisha kufa: mbao zimeachana, pete za chuma zimeota kutu, ngozi imeliwa na panya. Yeye alizifungua, akazikwangua, akaziunga kwa gundi, kisha akaziwamba ngozi mbichi ya ng'ombe. Alikuwa na sharti moja tu. Ngoma ikiwa ni ya kumpa mtu, atakayepewa haambiwi mpaka ngozi ikauke, wala haruhusiwi kuuliza. Alisema mtu akishajua ni yake, hawezi kuizuia mikono. Ataigonga ingali mbichi, ngozi ilegee, halafu lawama zimrudie fundi. Na kweli, binadamu ndivyo tulivyo.

Alikuwa na vijana wawili waliojifunza kazi kwake. Kobelo ndiye aliyetangulia, kijana wa kazi, mkimya. Habibu akaja nyuma. Na huyo Habibu, jamani, alikuwa na mkono! Akiwamba ngozi, inatulia. Wateja wakaanza kusema, "Yangu aiwambe Habibu." Fundi naye akawa anacheka na Habibu mchana kutwa, maana Habibu ana maneno, Kobelo hana. Kobelo alikuwa anaona yote hayo na roho inamuuma. Chakula kikamshinda. Hata Habibu alipomwita "kaka" kwa adabu, yeye aliona anakejeliwa.

Sasa, Fundi alikuwa na tumba yake mwenyewe, aliyoipiga ujanani mpaka vidole vikapinda. Siku hizo ilikuwa bandani, kuku wanatagia humo. Asubuhi moja akaitoa. "Hii tunaifufua," akasema. Hakuongeza neno, lakini kila mtu alijua kwamba mzee amechoka, na atakayeachiwa tumba hiyo ndiye atakayeachiwa karakana.

Kobelo akapewa mbao, Habibu akapewa ngozi. Kobelo alizikwangua mbao moja moja, akazing'arisha pete, akazibana vizuri sana, kwa sababu kazi mbovu hakuijua. Lakini muda wote moyo unamwambia: unamtengenezea Habibu. Mjinga wee, unamtengenezea Habibu!

Ngozi ikawambwa, tumba ikawekwa barazani kivulini ikauke polepole. Kesho yake Kobelo akamkuta Fundi anamnong'oneza Habibu, na Habibu anatabasamu. Walipomwona wakanyamaza. Habibu akapanda baiskeli, akaondoka anapiga mluzi. Fundi akachukua kofia yake, akaenda kuswali adhuhuri, na huko msikitini hukaa mpaka alasiri.

Kobelo akabaki peke yake na ile tumba.

"Kwa nini yeye?" akasema kwa sauti, kama yupo wa kumjibu. "Mimi nimevuta moshi wa gundi hii tangu sijaota ndevu. Yeye kaja juzi!"

Akaikumbatia, akaibeba hadi katikati ya ua, jua la saa saba likiwaka. Alitaka ngozi ipasuke, watu waseme Habibu kaikaza vibaya. Hasira ikamsahaulisha jambo alilolijua vizuri mno: ngozi mbichi ikipigwa na jua kali hujikaza na kuvuta mbao, tena haina huruma, na gundi ya mbao zile ilikuwa haijashika. Akakaa barazani kuangalia hadi alasiri ikakaribia. Mara, paa! Ngozi ilikuwa nzima. Mbao ndizo zilizopasuka, zile zile alizozikwangua yeye.

Hata hajainuka, Fundi akaingia. Nyuma yake akaja Habibu anakokota baiskeli, na pembeni yake mama mtu mzima aliyevaa kanga mpya. Alikuwa mama yake Kobelo, ametolewa Kimamba.

"Nani kaitoa?" Fundi akauliza.

"Habibu kaikaza mno," Kobelo akasema.

"Sijauliza nani kaiwamba."

Mama yake akamtazama Kobelo, akaitazama tumba. "Kuna nini, wanangu? Mbona Habibu kaniambia nije nilale, kesho nimshuhudie Kobelo akikabidhiwa ngoma ya mzee?"

Kobelo akamgeukia Habibu.

"Fundi alikuchagua wewe tangu ilipotoka bandani," Habibu akasema, machozi yanamlengalenga. "Nami nikamwomba nikamlete mama. Nilitaka akuone ukiipiga mara ya kwanza, kaka."

"Wewe ulidhani ni ya nani?" mama akamuuliza mwanawe.

"Yake," Kobelo akasema.

Mama akakaa chini, vumbini, na kanga yake mpya. Fundi akaziinamia mbao, akazigusa, akatikisa kichwa. "Hizi haziungiki tena," akasema. Kisha, kwa utaratibu kabisa, akamwambia Habibu ampatie mgeni maji ya kunawa, ale.

Hakuna aliyemfukuza Kobelo. Alijifukuza mwenyewe. Alfajiri alirudi Kimamba na mama yake kwa miguu, mama yuko mbele, hasemi naye. Karakana ikabaki kwa Habibu, ambaye hakuwa ameiomba wala kuiota. Kile Kobelo alichokiogopa, akakitimiza kwa mikono yake. Tangu hapo, watu wa Kilosa wakimwona mtu anakonda kwa neema ya mwenzake, humtupia maneno hayo.

Basi. Tunu, futa machozi, sikusemi wewe peke yako. Nawaambia nyote mlioketi hapa: kijicho hakiulizi ngoma ni ya nani.