Mto Uliohamia Uani

Mpo?

*Tupo.*

Mmekaa?

*Tumekaa.*

Mmekaa kwa nani?

*Kwa mwenye nyumba.*

Basi kaeni vizuri, msivunje kitu cha watu, nami niwasimulie.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanapanga nyumba, palikuwa na mtaa mmoja ukingoni mwa mto. Nyumba zenyewe zilikuwa mashimo tu, yamechimbwa katika udongo mwekundu, na kila mlango ulitazama maji. Lakini kila mnyama aliutamani mtaa huo. Ukitoka mlangoni, hatua chache uko mtoni. Hatua chache nyingine uko chini ya mkuyu, unaokota matunda. Hatua chache nyingine uko kwenye kichuguu, unakula kumbikumbi. Mzee aliweza kuishi pale, kiwete aliweza kuishi pale, kwa sababu hakuna aliyelazimika kuvuka uwanda ulio wazi, ambako Mwewe huzunguka juu tangu asubuhi mpaka jioni.

Mwenye mtaa alikuwa Kiboko. Hakuchimba hata shimo moja. Alisema tu kwamba njia zote ni zake, maana yeye ndiye aliyezikanyaga zikawa njia, na mwenye njia ndiye mwenye milango. Hakuna aliyembishia. Kinywa chake kikifunguka kilikuwa kipana kuliko mlango wa mpangaji yeyote.

Kodi ya Kiboko ilikuwa ukoka, zile nyasi laini anazozipenda. Kila mwaka kabla ya mvua alipita akipima nyumba. Alisimama mlangoni, akaugeuzia mlango makalio, akatembea mpaka majini akihesabu kwa sauti. Tindi, moja. Tindi, mbili. Tindi, tatu. Mjumbe Kobe alifuata nyuma awe shahidi. Hatua nyingi, kodi ndogo. Hatua chache, kodi kubwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mtaa, na hatua zilikuwa za Kiboko, si za mpangaji.

Katika mtaa huo aliishi Sange na mama yake. Sange ni mnyama mdogo kuliko panya buku, ana pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba kama njiti. Nguvu hana, meno ya kutisha hana. Ana kazi moja tu aliyoachiwa na ukoo wake: kufagia njia. Kila alfajiri Sange alitoka na kuondoa majani makavu, jani moja moja. Chakara, chakara. Chakara, chakara. Aliondoa kijiti, aliondoa mwiba, mpaka njia ikawa nyeupe.

Aliifagia kwa ajili ya mama yake. Mwaka uliotangulia, Kiboko akiwa katika kupima, alimkanyaga mama huyo mguu wa nyuma. Hakusimama. Alimwambia tu Mjumbe Kobe kwamba hatua ile asiihesabu, maana aliteleza. Tangu siku hiyo mama Sange alitembea kwa kujiburura. Macho nayo yalikuwa yameshaanza kuingia giza. Lakini njia ikiwa safi aliweza kufika mtoni peke yake, akanywa, akarudi. Aliijua kwa miguu. Hapa jiwe, hapa mzizi, hapa maji.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimekula ukingo. Kiboko alipopima, nyumba ya Sange, iliyokuwa ya hatua thelathini, ikawa ya hatua ishirini. Nyumba ya Ndezi, jirani yao, ikawa ya hatua kumi na tano. Kiboko alifurahi sana. Alitangaza kwamba mtaa umepanda hadhi, na kwamba atakayeshindwa na kodi mpya ahamie Uwandani, huko nyuma ya mabonde, ambako nyumba hazina kodi kabisa.

Ndezi alikuwa na watoto watano. Alimwuliza Mjumbe Kobe mtu atakata wapi ukoka wote huo. Mjumbe Kobe, ambaye naye alilishwa ukoka na Kiboko, aliingiza kichwa ndani ya gamba, kama alivyofanya kila alipoulizwa swali gumu. Jioni hiyo hiyo Ndezi alihamishwa.

Lakini Uwandani hakuna maji. Ndezi alilazimika kurudi mtoni kila siku, kuvuka uwanda na watoto wake. Siku ya kwanza alikuja na watoto watano. Siku ya pili alikuja na wanne. Siku ya tatu alikuja na watatu. Hakulia. Alikunywa, akawanywesha, akatazama juu, akaondoka. Siku ya nne alikuja na wawili. Sange alikuwa anafagia pale pale, na Ndezi akamwambia, "Binti, usiache kufagia. Sisi tulidhani tunalipia shimo. Kumbe tulikuwa tunalipia kutembea kidogo."

Siku ya tano Kiboko alikuja mlangoni kwa Sange. Kodi ilikuwa haijatimia hata nusu. Akampa siku mbili.

Sange akamtazama mama yake amelala, mguu umekauka kama kijiti. Mama huyo hawezi kuvuka uwanda. Hata robo yake hawezi. Ikiwa Ndezi mwenye miguu mizima amebaki na watoto wawili, mama Sange hatafika hata kwenye bonde la kwanza.

Basi Sange akawaza. Akawaza kwa njia ya kazi yake. Tangu utoto alikuwa amefagia, na baada ya kila mvua aliona jambo moja: maji yakiteremka njiani, hupita njia ile iliyo chini zaidi. Ukichimba mfereji kidogo pembeni, yataingia mfereji, na njia ya zamani yataiacha. Hayagawanyiki kwa heshima, haya kwako na haya kwangu. Yanahama yote.

Asubuhi akaenda kwa Kiboko. Kiboko alikuwa katika dimbwi lake mbele ya nyumba, pale mto ulipokuwa na kina kirefu, pua na macho tu nje.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Umeleta ukoka?"

"Sikuleta, bwana. Nimeleta habari ya uchungu. Unapunjwa."

Masikio ya Kiboko yakasimama. Akauliza nani anayempunja.

"Nyumba zako zina mto mbele tu," Sange akasema. "Uani hakuna kitu, bonde kavu tu. Ungekuwa na mto mbele na mto uani, ungepima mara mbili. Kila nyumba, kodi mbili."

Kiboko akazamisha pua. Mapovu yakapanda. Mwishowe akauliza ni nani awezaye kuuleta mto uani.

"Mto hufuata njia, bwana. Na mwenye njia ni nani?"

Kiboko akacheka mpaka maji yakatapakaa ukingoni. Akasema kweli, alikuwa ameusahau ukubwa wake. Wakapatana. Sange angetangulia akifagia, aonyeshe pa kupita. Kiboko angefuata akikanyaga. Kwa muda wote wa kazi, Sange na mama yake wasihamishwe.

Wakaanza juu, pale mto unapojikunja kama kiwiko, wakateremka nyuma ya nyumba mpaka kule chini. Sange mbele, chakara, chakara. Kiboko nyuma, tindi, tindi. Walipita mara kumi, bonde likawa njia. Walipita mara ishirini, njia ikawa mfereji. Walipita siku nne nzima, na mfereji ukazama kuliko mto wenyewe. Ukuta mwembamba tu wa udongo ulibaki pale kwenye kiwiko. Kila walipomaliza safari, Kiboko aliuliza, "Kodi ngapi?" na Sange akajibu, "Mbili, bwana." Kiboko akarudi kukanyaga.

Majirani walimwona. Kenge alikaa juu ya jiwe akamwuliza, "Dada mfagizi, na makaburi yetu utatufagilia?" Wengine walitema mate alipopita. Ndezi alikuja kunywa, amebaki na mtoto mmoja. Alimwona Sange akimwongoza Kiboko, akapita bila salamu. Hilo lilimwuma Sange kuliko mate. Lakini hakusema neno, maana mtaani siri ikishafika kwa Kenge hufika mpaka kwa Kiboko. Hata mama yake hakumwambia.

Siku ya tano mvua ilinyesha milimani. Mchana, Kiboko ameshiba, amelala katika dimbwi lake, maji yakaja kwa kishindo, yakagonga kiwiko. Ukuta ukakatika. Goro, goro, goro. Mto ukaingia mfereji na kupita uani, mwekundu na wenye nguvu, na watu wa Uwandani wakausikia.

Na mbele? Mbele maji yakaanza kushuka. Yakashuka mgongoni mwa Kiboko. Yakashuka tumboni. Kiboko akazinduka, akataka kuinuka. Siku zote maji ndiyo yaliyombeba. Uzito wake mwenyewe alikuwa hajawahi kuubeba ndani ya tope lile. Akanyanyua mguu, chopwe, mwingine ukazama. Akanyanyua huo, chopwe, wa kwanza ukazama zaidi. Mpaka tope likafika kifuani, akatulia.

Alfajiri iliyofuata Sange alikuwa uani akichimba mlango wa nyuma, ili mama yake apite karibu. Alipomaliza akaingia kumwita. Hakumkuta. Akakimbilia mlango wa mbele. Alikuwa hajamwambia. Mama aliamka kama kila siku, akatoka mlango wa mbele, akapita jiwe, akapita mzizi, akafika mahali pa maji.

Sange alimkuta ameketi kwenye ukingo wa tope, anapapasa kwa pua. Hatua mbili mbele yake alikuwa Kiboko, ngozi imeanza kupasuka kwa jua la jana. Walikuwa wakizungumza.

"Mama, niletee maji," Kiboko alisema.

"Mimi mwenyewe nayatafuta, baba," mama Sange akamjibu kwa upole. "Yalikuwa hapa hapa. Labda nimepotea njia."

Sange akamshika mama yake, akamrudisha nyuma. Kiboko akamtazama. Akasema, "Umeniua, kitoto."

"Sijui, bwana. Mimi ni mfagizi tu," Sange akasema. "Maji yatakuja. Lakini sheria ni sheria. Tupime kwanza, kutoka kwako mpaka mtoni."

Kiboko hakuweza kutembea, kwa hiyo Mjumbe Kobe aliitwa apime kwa niaba yake. Mjumbe alikubali, maana hakuwa ameambiwa asikubali. Akaanza. Moja. Mbili. Tatu. Siku nzima akihesabu, akapita kando ya nyumba. Siku ya pili akafika mtoni, akanywa, akapumzika kidogo, akageuka. Siku ya tatu akarudi kutoa taarifa.

"Bwana, ni hatua elfu moja na mia mbili," akasema. "Nyingi sana. Kodi yako imekuwa ndogo, karibu na bure."

Kiboko hakujibu. Inzi ndio waliojibu.

Wapangaji walichimba milango ya uani, wakaishi bila kodi. Sange akafagia njia mpya ya mama yake. Siku kumi alimfundisha, mkono kwa mkono, hapa shina, hapa kichanga, hapa maji. Mama alijifunza. Lakini asubuhi nyingine alisahau, akatoka mlango wa mbele, na Sange akamfuata.

Ndezi alihama Uwandani na mtoto wake mmoja. Nyumba zilikuwa zimejaa, hivyo akahamia ndani ya mbavu za Kiboko, zilizokuwa zimekauka na zina kivuli. Sange alimfagilia njia mpaka mlangoni. Ndezi akamshukuru. Akasema nyumba ni nzuri, ila ina vyumba vinne vya ziada.

Msimu uliofuata, mto mpya ulimleta Mamba. Alipanda ukingoni uani, akatazama milango, akatazama njia safi, akauliza mtaa mzuri kiasi hiki ni wa nani. Majirani wakarudi nyuma. Mamba akatabasamu, akanyoosha mguu. Moja, akasema. Mbili.

Sange akaweka chini jani alilokuwa amelibeba.

"Shikamoo, bwana," akasema. "Karibu sana. Umeshaonyeshwa dimbwi lako?"

Na fundisho la hadithi hii, wenzangu, ni hili: muwaheshimu wenye nyumba, mlipe mapema, na msipende kuwapa wakubwa ushauri. Anayetii ndiye anayekaa salama. Kama hamwamini, nendeni mkamwulize Kiboko.

Mmekaa?

*Tumekaa.*

Basi inukeni. Hadithi yangu imefunga virago, chumba ki wazi, ufunguo nimeuacha mlangoni. Anayetaka kukipanga aanze kwa kuhesabu hatua.